Tathmini ya Michezo ya Shangazi Nvard

Shangazi, uliniomba nisikufiche.
Basi nimeketi na michezo yako mia mbili na kumi na sita,
chai imepoa, theluji inapapasa dirisha hapa Yerevan,
na kalamu nyekundu ninayosahihishia watoto shuleni
inakuonea haya.

Tuanze na malkia.
Unamtoa mapema mno. Hatua ya pili, huyo uwanjani,
kama mama aliyesikia mwanawe kapigwa sokoni
akatoka na mwiko mkononi, hajavaa hata viatu.
Mwanzoni walikuogopa. Wale wa alama mia saba hukimbia wakiona mwiko.
Sasa uko elfu moja mia moja kumi na nane,
na huku juu watu humngoja kwa utulivu,
humfukuza kwa vitunda, kimoja kimoja,
na kila wamfukuzapo wanajenga nyumba.

Farasi wako, sina neno.
Mchezo wa tarehe tisa Machi, na yule mtu wa Valparaiso:
farasi aliingia kati ya mfalme na malkia wake kama mgeni asiyealikwa,
akawasalimu wote wawili, akaondoka na malkia.
Nilicheka peke yangu saa saba za usiku.
Nikaurudia. Nikacheka tena.

Lakini mashua zako, Shangazi!
Sisi watu wa milimani, tusio na pwani hata ya kuoshea miguu,
ndio tunaoiita ngome mashua,
nawe umezifunga pembeni tangu mchezo uanze hadi uishe.
Nimehesabu: katika michezo themanini na mitatu uliyoshindwa,
arobaini na mmoja ulikufa zote mbili zingali zimelala.
Zifungue. Mashua haiozi kwa kusafiri.

Saa, sitaki hata kuigusa.
Muda umekwisha. Muda umekwisha. Mara kumi na tisa,
na saba kati ya hizo ulikuwa unashinda.
Najua. Tanuri halingoji. Lavash ukiichelewesha pumzi mbili ni mkaa,
na Gyumri itaamka saa kumi na mbili ikitaka kula.
Basi acha michezo ya dakika tano. Cheza ile ya siku tatu kwa hatua,
weka simu rafuni, mbali na unga,
fikiri ukikanda.
(Na kioo chake kibadilishe. Safu ya mwisho kulia huioni,
ndiko wanakokuua.)

Kuna jambo nimelizungukazunguka.
Humfichi mfalme.
Mara nne tu, katika yote hii, umemhamishia pembeni
nyuma ya vitunda vitatu, ubavuni mwa mashua.
Niliandika kosa, kosa, kosa,
kisha kalamu ikasimama.
Nilikumbuka kitanda chako kilivyo karibu na mlango.
Nilikumbuka kwamba tangu Desemba ile,
ukuta ulipomwangukia Aramais,
hujalala tena chumba cha ndani.
Utanicheka. Utasema, mtoto wa kaka kaenda chuo kikuu
karudi anasoma sataranji kama masimbi ya kahawa kikombeni.
Huenda hukujua tu kuwa hatua hiyo inaruhusiwa.
Sijafuta neno kosa. Nimeweka alama ya kuuliza mbele yake.

Mengine ni machache. Mwaka jana ulikuwa mia saba na arobaini.
Tazama hatua ya mwenzako kabla ya yako.
Kubali kubadilishana tembo kwa tembo, si talaka.
Na hukati tamaa hata ukibaki na kitunda kimoja,
jambo ambalo wapinzani wako wanalichukia,
nami naomba usilirekebishe.

Nilikuwa karibu kuituma barua hii.
Saa kumi kasorobo. Kando ya jina lako kitone cha kijani kinawaka.
Nimekualika kwa jina la uongo. Umekubali.

Umesogeza kitunda. Nimesogeza kitunda.
Huyo, malkia, na mwiko wake.

Nimejibu. Kisha kimya, dakika nzima,
na nusu.
Mkate, bila shaka.